Visheti Vilivyopanda Mkanda

Kupika, mama mkwe wangu alikuwa anapika. Kula ndiko kulikomshinda. Tangu mumewe, Mzee Vuai, alipofariki, na hata baada ya eda kwisha na yeye kuanza kutoka nje kama watu wengine, Bi Zuwena alikuwa anaamka alfajiri, anasali, kisha anaingia jikoni kwangu Woolwich, London, kukuna, kuunga na kukaanga mpaka ghorofa nzima ijue leo kwetu kuna nini. Sisi tunarudi kila mtu kwa wakati wake. Mimi natoka zamu hospitali, mume wangu Mbarouk anachelewa ofisini, binti yetu Zuleikha anatoka shule na kujifungia chumbani na simu yake. Kila anayefika anapakua chake, na cha mama tunakifunika tukamwekea. Asubuhi tunakikuta vilevile.

"Mama, mbona hujala?"

"N'shashiba zamani."

Uongo mtupu. Mimi ni mwuguzi, naijua shingo ya mtu aliyeshiba. Gauni lilikuwa linamning'inia mabegani, na pete yake ameizungushia uzi isidondoke kwenye unga. Daktari alishatuambia bila kuficha kwamba akiendelea kupungua hivi, atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Mbarouk aliposikia habari ya mpira alitoka nje akakaa kwenye ngazi, mtu mzima na suti yake. Mimi nilikasirika. Hofu ikinizidi huwa inanitokea kwa mlango wa hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Na kwa kuwa mkwe hagombezwi, nilikuwa nagombeza masufuria.

Nisieleweke vibaya. Mwanamke huyu nilikuwa namheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Mbarouk aliponipeleka Unguja kunitambulisha, mimi Placida, msichana wa Mbinga, Mkatoliki na rozari yangu shingoni, shangazi zake walikaa kwenye mkeka wamenuna kama waliolishwa shubiri. Bi Zuwena hakumhutubia mtu. Alinishika mkono, akanipeleka uani, akanipa mbuzi ya kukunia na nazi, akasema, "Kaa, mwanangu, tukune." Mwenyewe akakaa chini kando yangu. Tuliporudi ndani mikono yetu imejaa machicha, hakuna shangazi aliyekuwa na la kusema tena.

Na alikuwa na adabu moja ambayo hata London haikumtoa. Hajapata kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu. Mama wa Kinigeria wa mlango wa pili alipotuletea maandazi yao ya duara siku za msiba, sahani yake ilirudi na sambusa. Mama yule naye akaona haya, akaleta wali mwekundu. Bi Zuwena akajibu kwa mkate wa kumimina. Ikawa vita. Wanawake wawili wasioelewana hata kwa salamu wanapigana kwa sahani moja ya maua ya buluu, na hakuna anayekubali kuwa wa mwisho kupokea. Vyote hivyo alivipika bila yeye mwenyewe kutia kitu mdomoni, zaidi ya kuonja chumvi.

Wazo la kwenda mgahawani lilikuwa la Zuleikha. Mtoto huyu anasikia Kiswahili chote, hata matusi ya baba yake akiwa nyuma ya usukani, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Alitueleza kwamba mjini, karibu na stesheni, kuna mgahawa wa Kijapani ambako vyakula vinapita mbele ya watu juu ya mkanda, kama ule wa mizigo uwanja wa ndege, na kila mtu anajichukulia. Bibi kazoea kuhudumia watu. Akikaa mahali ambapo hakuna wa kumpakulia, atakula kwa kukosa kazi. Hoja hiyo niliiona ya kitoto, lakini mimi mwenyewe sikuwa na nyingine. Alikuwa hata ameshawauliza kama siki wanayotia kwenye wali ina mvinyo, bibi asije akala haramu, wakamjibu haina.

Basi Jumamosi mchana tukapanda treni. Bi Zuwena alivaa baibui lake zuri na kubeba mkoba wake mkubwa, ule ambao mkono ukiingia hautoki bure. Tulipofika tulipewa viti virefu kando ya mkanda, yeye akakaa katikati, Zuleikha kulia kwake na mimi kushoto, Mbarouk mwishoni.

Lazima niseme ukweli, pale mahali palipendeza. Sahani ndogondogo za rangi zilikuwa zinapita polepole, kila moja na kifuniko chake cha plastiki kinachong'aa, na ndani yake vipande vya samaki vimelazwa juu ya wali kwa unadhifu wa kitanda cha hospitali kabla mgonjwa hajalala. Mkanda ulitoka jikoni, ukawapitia watu wote ukumbini, ukakata kona, ukaja kwetu, kisha ukaingia nyuma ya ukuta na kuanza safari upya. Katikati walisimama wapishi, na mmoja alikuwa anakata samaki mbele ya macho yetu.

Bi Zuwena alimkazia macho mpishi yule. Amekulia Malindi ya Unguja, karibu na soko la samaki, na kisu cha mtu humdanganyi nacho.

"Mtazameni huyo," alisema. "Kisu hakirudi nyuma. Kinapita mara moja, basi. Huyo kafunzwa na mtu, hakujifunza mwenyewe."

Alisema kwa sauti ya heshima kabisa, na mpishi, bila kujua anasifiwa, akafuta kisu na kuanza samaki mwingine. Nilifurahi. Nilijisemea, mtu anayesifu chakula yuko nusu ya njia ya kukila.

Sahani ya samaki wa rangi ya chungwa ikatupitia. Zuleikha akamgusa bibi yake begani. "Bibi, take it."

"Hichi cha nani?"

"It's for anyone."

Bi Zuwena akanigeukia mimi. "Ati cha nani?"

"Cha yeyote, mama. Ukikipenda unakichukua."

"Cha yeyote?" Alikitazama kikienda zake. "Chakula hakina mwenyewe, kinapita njiani, mie nikidakie? Hasha. Kuleni nyinyi."

Tulikula sisi. Tulimsihi, tukamwonyesha matango yaliyozungushiwa wali, tukamwonyesha kamba, yai, mpaka maharage mabichi. Kila kitu alikisifu na kila kitu alikiacha kipite. Mbarouk aliacha kula. Mimi nilikuwa naendelea kutafuna kwa hasira tu, sijui hata natafuna nini.

Sasa, kwenye kona, pale mkanda unapopita kabla ya kutufikia sisi, alikuwa amekaa mzee wa Kihindi mwenye sweta la rangi ya maziwa, pamoja na mwanamke wa makamo aliyefanana naye pua. Mzee yule akasogeza uso karibu na sahani moja ya parachichi, akanyanyua kifuniko, akachungulia, akakirudisha, akaiacha sahani iendelee. Ikaja mpaka kwetu. Zuleikha akaichukua, akala kilichokuwamo, akaweka sahani kando.

Bi Zuwena aliyaona yote hayo, na akayaelewa kwa akili ya Unguja. Kumbe alikuwa akijiuliza muda wote vyakula vile vinatoka kwa nani, na sasa jibu amelipata. Vinatoka kwa jirani.

"Yule baba katuletea sahani," alisema, "na mtoto huyu kala hata asante hakusema."

Nilikuwa nimeinama naokota kitambaa kilichoanguka. Nilipoinuka, Bi Zuwena alikuwa ameshaifuta ile sahani kwa karatasi, ameshatia mkono mkobani, ameshapanga visheti vyake juu yake, vile alivyokaanga alfajiri, vyenye shira ya iliki, na ameshaweka kifuniko. Kabla sijafungua mdomo, akaipandisha sahani kwenye mkanda.

"Mama!"

"Nini? Nirejeshe tupu?"

Sahani ikaenda. Mbarouk aliruka kutoka kitini, akanyoosha mkono, akakosa, na visheti vikaingia nyuma ya ukuta. Naijua kazi yangu, najua chakula cha nyumbani hakipandishwi mahali ambapo kuna mtu karanga moja inaweza kumuua. Visheti havina karanga, lakini nani anajua? Nilitamani kumwambia mama mkwe wangu maneno ambayo mkwe haambiwi. Nikameza maji badala yake.

Visheti vikatokea upande wa pili. Mbarouk alikuwa anavifuata kwa miguu, anapita nyuma ya viti vya watu na kuomba radhi, na watu wanavuta mabegi yao wakidhani ni mwizi. Vijana wawili waliinama kuvitazama visheti, wakacheka, wakaviacha. Bwana mmoja mwenye vifaa vya muziki masikioni aligusa kifuniko, kisha akabadili nia akachukua samaki. Mbarouk alifika kona akiwa ameinamia mkanda, ila alikuwa amechelewa. Mzee wa Kihindi alikuwa ameshaikamata sahani.

Alinyanyua kifuniko. Mwanamke aliyekuwa naye alisema kitu, hakumjibu. Akachukua kisheti kimoja, akakinusa, akakitia mdomoni na kufumba macho. Mbarouk alisimama mbele yake na mikono hewani, maneno ya kuomba radhi yamemkwama, na mzee akampa ishara ya kiganja: ngoja kwanza, bwana, natafuna.

Alipomaliza alimwambia mwanamke neno moja. Mwanamke akatikisa kichwa kukataa, akatazama huku na huku, mwishowe akafungua mkoba wake na kutoa kikopo cha bati. Mzee akavipanga visheti vilivyobaki kwenye karatasi, akamimina chevda, vile vikaango vikavu vya Kihindi, juu ya sahani, kilima kizuri cha njano chenye bizari na zabibu kavu, akafunika, akaipandisha kwenye mkanda. Kisha akanyanyua mkono kuelekea kwetu.

"Umeona?" alisema Bi Zuwena, hata hakushangaa. "Watu wana adabu zao."

Lakini mhudumu naye alikuwa ameona. Alikuja mbio kutoka upande wa jikoni, binti mwembamba mwenye nywele fupi, macho kwenye ile sahani, mkono umeshanyooka kuichukua. Alikuwa na haki. Mimi kule kwangu hospitali ningefanya hivyo hivyo, na ningegomba juu yake. Lakini nilimwona Bi Zuwena amejiweka sawa kwenye kiti, ameweka viganja pamoja mapajani, anaingoja sahani yake. Tangu msiba sikuwa nimemwona akingoja kitu.

Niliinuka nikainyakua kabla ya binti yule.

"Ni yetu hii," nilimwambia kwa Kiingereza, kwa ile sauti ninayoitumia na madaktari wanafunzi. "Haipiti tena kwenye mkanda wala haitapita nyingine. Kosa letu, samahani sana. Lakini hii ni ya mama yangu."

Aliitazama chevda, akamtazama Bi Zuwena, akamtazama mzee wa Kihindi, ambaye sasa alikuwa amesimama kabisa, tayari kuja kusema. Binti akapumua. Akasema, tafadhali, isirudiwe, akafuta mkanda pale sahani ilipokuwa, akaenda kusimamisha mkanda na kukagua sahani zilizokuwa jirani yake. Nilimpenda binti yule. Alifanya kazi yake yote na hakumdhalilisha mtu.

Nikamgeukia mama nikampa sahani kwa mikono miwili. Alisema bismillahi. Akachota kwa ncha za vidole, akala. Akachota tena. Zuleikha alinyanyua simu apige picha, nikamtazama mara moja tu, akaishusha. Mbarouk alirudi akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, hakai, kama mtu anayeogopa kumtimua ndege. Bi Zuwena alikula chevda yote. Alikusanya hata vile vinyuzinyuzi vya mwisho kwa kidole.

Mzee wa Kihindi akaja na binti yake. "Bibi, hujambo?" alisema, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe kitupu, laini kuliko changu.

"Sijambo, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mimi naitwa Chaman, na huyu Lata, binti yangu. Tunakaa Kenton. Visheti kapika nani?"

"Mie."

"Sisi tulikuwa Sokomuhogo. Tuliondoka baada ya mapinduzi, mimi kijana. Jirani yetu Bi Salama akituletea hivi hivi, na shira yake hivi hivi." Akacheka. "Mama yangu angenichapa leo ningekurudishia sahani tupu mbele ya watu."

"Alikufunza vyema," alisema Bi Zuwena. "Chevda yenu imekolea ndimu."

Lata alitwambia kwa Kiingereza kwamba baba yake hajawahi kufanya kituko namna hii maisha yake yote, na alikuwa anatabasamu mpaka machozi. Wakaagana na mama kwa heshima kubwa, wakaenda zao na visheti vyao kwenye karatasi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipofika mlangoni. Sikuweza tena kuizuia.

"Mama," nilisema, "nisamehe, lakini nitasema. Nyumbani unapika, tunakuwekea, huli. Tunakubembeleza, huli. Daktari anasema atakutia mpira, huli. Leo mtu humjui, hujapata kumwona, amekupa chevda, umemaliza sahani. Sisi tumekukosea nini?"

"Placida," alisema Mbarouk.

"Mwache," alisema Bi Zuwena. "Kauliza vizuri."

Alikaa akiutazama mkanda. Sahani zilikuwa zinapita, nyekundu, nyeupe, nyeusi.

"Yule baba kanipa," alisema. "Nyinyi hamnipi. Nyinyi mnan'wekea. Mnafunika, mnatia ndani ya maikrowevu, mnan'ambia, mama, kipo. Kisha kila mtu huyo, na mlango wake." Hakusema kwa uchungu, alisema kama anayemweleza mtoto. "Vuai, Mungu amrehemu, hakuwa na maneno mengi, unamjua. Lakini hakula siku hata moja asin'ambie, 'Zuwena, shika.' Atamega samaki pale penye nyama, atanipa mkononi. Miaka yote ile. Hata alipokuwa hawezi kuinuka, nikimpelekea uji, kijiko cha kwanza anataka ninywe mie. Sasa mie nikae peke yangu jikoni, nifunue sahani, nile? Mie si paka, mwanangu."

Mbarouk aligeuka akatazama ukuta. Zuleikha, ambaye nilidhani hasikilizi, alikuwa ameinama na nywele zimemfunika uso, na mabega yanamtikisika. Nimewalisha wagonjwa wangapi kwa kijiko, watu nisiowajua hata majina, nikawasemesha, nikawafuta midomo, kisha nikarudi nyumbani kwangu nikamfunikia sahani mtu aliyenipa mbuzi ya nazi nilipokuwa mgeni.

Ikapita sahani ya samaki wa rangi ya chungwa. Niliichukua. Nilifuta mikono yangu vizuri kwa kitambaa cha moto. Wale Wajapani wamefanya jambo la maana, wameshalifinyanga tonge tayari, linaenea vidole vitatu. Nililishika, nikalichovya kidogo kwenye sosi yao, nikaweka kiganja cha pili chini yake lisidondoke.

"Mama," nilisema. "Shika."

Hakulipokea kwa mkono. Alifungua mdomo, mbele ya mpishi na wateja na treni zote za London, nami nikamlisha. Nililia pale pale, mimi Placida, na sikujifuta, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

Alitafuna polepole. Akameza.

"Wali wao baridi," alisema. "Nipe mwengine."